Mwenyekiti anataka ya kuchomoa, katibu anataka laptopu

Ndugu washauri,

Mwangaluka. Mimi ni katibu, na hesabu pia ni zangu, katika umoja wa vikundi tisa vya wafuga nyuki wilayani Sikonge, Tabora. Siku tatu za wiki nipo ofisini: Excel ya makusanyo ya asali na nta, malipo ya wanachama, ripoti, kuchapa barua. Siku zinazobaki nipo kwenye pikipiki kwenda manzuki, na msimu wa kurina ukikolea nalala kambini porini siku mbili tatu. Huko naandika namba ya mzinga, kilo, kiasi cha maji kwenye asali, napiga picha, nachukua alama za GPS za manzuki mapya, na mfugaji anatia saini. Yote yanaingia kwenye daftari, kisha nikirudi nayaandika upya kwenye kompyuta. Nikiruka mstari mmoja, mkutano mzima unanigeukia.

Kompyuta yetu ya zamani imekufa. Umoja umetenga shilingi 1,500,000. Tabora mjini tumeonyeshwa mbili, zote zimeshatumika. Ya kwanza ni Surface Pro ya mwaka 2017, ile ambayo kibodi inachomoka kioo kikabaki kama kishikwambi: prosesa (ubongo wa kompyuta) i5-7300U, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia) GB 256, haina tundu la laini. Bei 1,150,000, kibodi 180,000 pembeni, kalamu tutazungumza. Ya pili ni laptopu ya kawaida, ThinkPad T480: i5-8350U, RAM 8, SSD 256, inchi 14, kwa 900,000.

Mwenyekiti ameipenda ile ya kuchomoa. Anasema ni mbili kwa moja: mezani ni kompyuta, porini ni kishikwambi, daftari tunaliaga. Muuzaji naye anasema zote ni i5, tofauti ni umbo tu. Mimi moyo unasita ila sina hoja ya kusimama nayo mbele ya kamati. Tunalipa Jumamosi ijayo. Nisaidieni.

Katibu, Sikonge

*

Dada Katibu, mwangaluka nawe.

Nunueni ThinkPad, na kwa chenji itakayobaki nunueni kishikwambi kidogo cha Android kwa kazi ya porini. Hoja tunaanza na ile ambayo hata mwenyekiti hawezi kuibishia.

Si kweli kwamba zote ni i5 na basi. Tazama tarakimu inayofuata ule mstari mdogo. i5-7300U ni kizazi cha 7, i5-8350U ni kizazi cha 8, na hapo katikati ndipo Microsoft ilipochora mpaka. Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana za kabla yake, na hii haimo kati ya hizo. Windows 10 nayo iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anayejiandikisha kwenye ile nyongeza ya usalama kwa watumiaji binafsi anasogezwa hadi Oktoba 2026 tu. Kwa hiyo Surface ya 2017, hata iwe inang'aa namna gani, ni mashine ambayo mlango wake wa masasisho umefungwa au unafungwa. Fundi atasema anaweza kuilazimisha ipokee Windows 11. Ni kweli anaweza. Lakini mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma haina ahadi ya masasisho, na hiyo ndiyo itakayobeba hesabu za malipo ya vikundi tisa. T480 inapokea Windows 11 bila hila yoyote.

Kama mwenyekiti atang'ang'ania umbo la kuchomoa, angalau atafute Surface Pro 6 kwenda juu. Hata hapo akumbuke kwamba Pro 6 haina tundu la USB-C. Limeanza kwenye Pro 7 ya mwaka 2019.

Sasa hilo la mbili kwa moja. Linavutia dukani kwa sababu dukani hakuna jua, hakuna asali na hakuna nyuki.

Anza na GPS. Surface isiyo na laini haina kipokezi cha GPS ndani yake. Windows hukisia mahali ulipo kwa kuangalia Wi-Fi zilizo jirani na anwani ya intaneti. Porini hakuna Wi-Fi jirani ila ya simu yako mwenyewe, hivyo mashine itasema haijui, au itakuweka mji mwingine kabisa. Manzuki mapya hutayachukua kwa hiyo. Simu ya Android ya kawaida inafanya kazi hiyo bila bando wala mtandao, maana inasikiliza satelaiti moja kwa moja: mahali peupe usahihi ni wa mita chache, chini ya miombo iliyofunga subiri dakika moja au mbili namba ishuke chini ya mita 10 ndipo uhifadhi.

Halafu mikono. Kioo cha kugusa kinasoma umeme mdogo wa ngozi; glovu nene za ngozi za kurinia hazipitishi, kwa hiyo utagonga mpaka uchoke. Ukivua glovu, vidole vina asali, na tone la asali likibaki juu ya kioo mashine inaweza kudhani ni kidole: inaanza kujibonyeza yenyewe na kufungua visivyoombwa. Pale chini ukingoni, mahali kibodi inaponatia, kuna vishikizo vidogo vya kupitishia umeme. Asali ikichanganyika na vumbi la barabara ikakauka hapo, kibodi inaonekana na kupotea, inaonekana na kupotea. Dawa yake ni pamba ya masikioni na spiriti kidogo, mashine ikiwa imezimwa, lakini ni dawa ya kurudia kila safari.

Kwa haki, kioo cha Surface ni kizuri kuliko cha T480. Kina vidoti vingi zaidi, kinang'aa zaidi, na umbo lake la kurefuka kwenda chini linaonyesha mistari mingi ya Excel. Ila kinameta kama kioo cha kujitazamia, na kwenye jua la saa saba utaona kofia yako kuliko unavyoona namba. Cha T480 kina uso usiometa lakini mwanga wake ni wa kiasi. Yaani kwa kazi ya juani zote mbili zinashindwa, na hiyo peke yake ni sababu ya kuacha kutafuta kompyuta ya juani.

Kwenye uzito pia watu hujidanganya. Surface ile ina gramu kama 770 bila kibodi. Ukiongeza kibodi yake ya gramu 310 unafika kilo 1 na ushee. T480 ni takribani kilo 1.6. Tofauti ni nusu kilo, chini ya chupa ya maji ya lita moja, na kwenye pikipiki hutaisikia. Utakachokisikia ni mapajani. Kambini hakuna meza. Laptopu ya kawaida ya inchi 14 inahitaji nafasi ya sentimita kama 23 kutoka tumboni kwenda magotini na uzito wake uko chini, kwenye kibodi, kwa hiyo inatulia. Ya kuchomoa uzito wote uko kwenye kioo, kinasimama kwa stendi ya nyuma, na kibodi ni kava jepesi lililoning'inia mbele. Jumla inakula sentimita 30 au zaidi. Ukiwa umekaa kwenye kigoda au juu ya ndoo iliyogeuzwa, ile stendi ama inateleza kati ya magoti ama inakuchoma paja kwa ukingo wake. Mwambie mwenyekiti aijaribu hapohapo dukani, akae kwenye kiti bila meza aandike barua ya mistari kumi. Si lazima mbishane.

Joto nalo. Surface Pro ya 2017 yenye i5 haina feni. Kwa vumbi ni sifa, kwa Oktoba ya Tabora ni tabu: prosesa ikipata moto na hakuna feni, inajipunguzia kasi ili isiungue, na Excel yenye mistari elfu kadhaa inaanza kutambaa. Mashine hizi hutengenezwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 35. Kioo kilichoachwa ndani ya begi jeusi juu ya pikipiki saa nane mchana kinazidi hapo kwa mbali. Hii inatuleta kwenye betri, na kwa maoni yetu ndiyo hoja nzito kuliko zote baada ya Windows.

Betri ya lithiamu inayopikwa mara kwa mara huvimba. Kwenye T480 betri ikichoka ni biashara ya dakika chache. Ina betri mbili: ya ndani ya Wh 24 (wati-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba), na ya nje nyuma yake, unayoitoa kwa kusogeza vitasa viwili bila bisibisi, tena bila kuzima mashine kwa kuwa ile ya ndani inashikilia. Kwenye Surface betri imegandishwa kwa gundi ndani, na njia ya kuifikia ni kupitia kioo. Kioo nacho kimegandishwa kwa gundi pembeni pote. Fundi analazimika kupasha moto kingo hadi gundi ilegee, apenyeze kijiti chembamba kuzunguka, na akizidisha nguvu milimita moja kioo kinapasuka. Kipuri cha kioo hicho ni kipande kimoja: kioo cha nje, kihisi cha kugusa na skrini vimeungana. Kuuliza "mnabadilisha kioo tu?" ni kujipotezea muda. RAM na SSD za toleo hilo la i5 zimelehemewa kwenye bodi. 8 mnayonunua ndiyo 8 mtakayozeeka nayo, na bodi ikifa data inakufa nayo. Kwenye T480 unatoa SSD, unaichomeka kwenye kompyuta nyingine, hesabu zenu hizo hapo.

Ndiyo maana tunasema mbili kwa moja ikiharibika, zimeharibika mbili. Siku kioo kimegonga mwamba kule porini, mmepoteza daftari la shambani na kompyuta ya ofisi kwa pigo lilelile, na faili la malipo lilikuwa humo. Kifaa kinachopanda pikipiki kila wiki kisiwe ndicho kinachobeba vitabu vya umoja.

Kwa nani basi ya kuchomoa inafaa? Anayechora kwa kalamu, mkaguzi anayezunguka ndani ya jengo akiweka alama kwenye michoro, mhadhiri anayeandika mbele ya projekta, mtu wa mikutano na ndege. Meza zipo, umeme upo, na kama inaharibika kuna ofisi ya kuitengeneza au bima ya kuibadilisha. Kalamu yenyewe ina masharti. Za kampuni mbalimbali haziingiliani, na kalamu nyingi za Surface za miaka ile zinatumia betri ya AAAA, nyembamba kuliko ile AAA ya rimoti. Kaitafuteni kwanza mtaani kwenu kabla hamjajadiliana bei ya kalamu. Zipo pia laptopu za kukunja nyuzi 360, kibodi inageuka nyuma. Hizo hazina tatizo la mapaja, lakini ukizishika mkononi kama kishikwambi unashika kilo nzima na zaidi, dakika kumi kiwiko kinalia.

Umeme wa kambini. T480 inachajiwa kwa USB-C, na kwa kazi ya kuandika inakula wati 8 hadi 12 hivi. Kama mna paneli ya wati 50 na betri ya volti 12, siku ya jua zuri mnapata kama Wh 175 baada ya kupoteza njiani. Kuijaza laptopu kunataka kama 60, simu 15 hadi 20. Inatosha. Msipitishe kwenye inveta ndogo, maana inveta yenyewe inakula umeme hata ikiwa haina kazi. Nunueni chaja ya gari ya USB-C inayoingia kwenye tundu la volti 12, na msome maandishi madogo ubavuni: pawe na mstari wa 20V 3.25A, ambazo ndizo wati 65. Nyingi zimeandikwa 65W kwa herufi kubwa mbele, kumbe ni jumla ya matundu mawili na hakuna tundu linalotoa 20V. Pawa benki vivyo hivyo. Ya mAh 20,000 ina Wh 74 kwa karatasi, na inayofika kwenye laptopu ni karibu 60. Surface ya 2017 haina USB-C, kwa hiyo utahitaji waya maalumu wa sumaku unaoomba 15V 3A. Waya huo ukipotea porini, kazi imelala.

Lakini kwa mpango tunaoupendekeza laptopu wala haina haja ya kwenda kambini. Hapa ndipo mtakapoliaga daftari.

Tumieni KoboCollect, programu ya Android ya kukusanya taarifa, ambayo inafanya kazi bila mtandao na kutuma ukifika penye mtandao. Kuipakua ni bure, na akaunti ya bure ya KoboToolbox, tovuti inayopokea taarifa hizo, ipo. Fomu unaitengeneza kwenye laptopu kupitia kivinjari. Ya kwenu isizidi maswali manane: kikundi, na hapa weka orodha ya kuchagua kwa sababu "Kitunda" ikiandikwa kwa mkono itaandikwa kwa namna tatu, namba ya mzinga, kilo, asilimia ya maji, picha, alama ya GPS kwa manzuki mapya tu, jina la mfugaji, saini. Saini ni swali la aina ya picha lililowekewa muonekano wa saini, mfugaji anachora kwa kidole kwenye kioo.

Kwenye kilo na maji weka mipaka, maana kosa la nukta ndilo linalowagombanisha. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina kilo kama 28, kwa kuwa lita moja ya asali ni takribani kilo 1.4. Kama mnapima ndoo moja moja, fomu ikatae chochote zaidi ya 32. Mtu akibonyeza 271 badala ya 27.1 inamrudisha palepale, mfugaji akiwa bado amesimama mbele ya mizani, si wiki tatu baadaye mkutanoni. Maji nayo yawekee kati ya 13 na 30: kiwango cha Codex (kanuni za kimataifa za vyakula) kwa asali nyingi hakivuki asilimia 20, kwa hiyo inayosoma 24 iandikwe lakini fomu ikutahadharishe uipime tena kabla ndoo haijachanganywa na nyingine. Picha zipunguze ukubwa kwenye fomu, pikseli 1,024 upande mrefu zinatosha kuona mzinga na kuokoa bando.

Kabla ya kuondoka Sikonge, fungua programu na upakue fomu hiyo kwenye kishikwambi. Watu husahau hili wakafika porini na orodha tupu. Kuandika kufanyike penye mizani, mbali na mizinga, na aandike mtu ambaye hashiki masega. Ukirudi penye mtandao unatuma, kisha kwenye laptopu unashusha kila kitu kama faili la Excel. Hakuna kuandika upya.

Kishikwambi kiwe cha inchi 8, chenye tundu la laini na GPS. Vile vya Wi-Fi pekee vya bei ya kutupa mara nyingi havina GPS, kwa hiyo usiamini boksi, toka nacho nje ya duka ufungue ramani data ikiwa imezimwa uone kama kinashika. Kuna wanaosema waazime vishikwambi vya Sensa ya 2022 ambavyo baadaye walipewa walimu. Hapana. Vile ni vya kazi ya shule, na siku kimoja kikidondoka ndani ya ndoo ya asali yenu hakuna kamati itakayotaka kujieleza.

Hesabu yenyewe ni fupi. Surface na kibodi ni 1,330,000, na kalamu bado. Kinabaki 170,000 tu. ThinkPad ni 900,000, inabaki 600,000 ya kishikwambi, kava lake gumu, chaja ya gari na flashi mbili za kuhifadhia nakala. Kikibaki kitu, ongezeni RAM ya 8: ni DDR4 ya laptopu, na T480 ina nafasi mbili. Atakayefungua aingie kwanza BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows) kwa kubonyeza F1 mashine ikiwaka, na kuzima betri ya ndani humo, ndipo alegeze skrubu sita za kifuniko cha chini.

T480 nayo si malaika. Ugonjwa wake unaojulikana ni programu ya ndani ya Thunderbolt (teknolojia ya tundu la USB-C), inayoweza kuharibu tundu la USB-C hadi likaacha kuchaji. Lenovo walitoa sasisho la kuizuia, na hilo liwe jambo la kwanza siku mashine inafika ofisini, kabla hata ya kuingiza Excel. Matundu hayo yamelehemewa kwenye bodi, kwa hiyo usiiweke begini waya ukiwa umechomekwa. Numpadi (safu ya namba pembeni ya kibodi) haina; kwa mtu wa kilo na shilingi siku nzima, kibodi ndogo ya namba ya USB ni pesa iliyotumika vizuri.

Jumamosi msilipe kabla ya haya, na msiruhusu muuzaji akufanyieni yeye.

Washeni mashine bila chaja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome mstari wa prosesa kwa macho yako. Stika ya nje inabandikwa na yeyote. Rudia R, andika tpm.msc, toleo la TPM (chipu ya usalama) lisomeke 2.0. Kisha R, andika cmd, na ndani yake powercfg /batteryreport. Itakuambia faili imehifadhiwa wapi. Lifungue utaona kwa kila betri uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Gawanya wa sasa kwa wa kiwandani. Ikiwa ya nje iko chini ya asilimia 70, usiikatae mashine, kata bei, maana betri hiyo inanunulika. Ya ndani ikiwa chini ya 50, mwambieni aibadilishe yeye.

Ichaji kwa kila tundu la USB-C kwa zamu, na utikise waya kidogo. Andika sentensi inayopita kila herufi. Pitisha ukucha kwenye kingo za sehemu ya kuwekea viganja na chini. Penye uvimbe au mwanya wa unene wa kadi, betri ya ndani imevimba.

La mwisho ndilo wengi hulipuuza. Laptopu nyingi zilizotumika zimetoka kwenye makampuni ya nje, na baadhi bado zimesajiliwa huko. Inafanya kazi vizuri kabisa mpaka siku unapoisafisha, ndipo inaomba uingie kwa akaunti ya kampuni usiyoijua. Mwambie muuzaji airejeshe kama mpya mbele yenu na aiunganishe na intaneti wakati wa kuanza. Ikitokea jina la kampuni linakukaribisha, rudisha mezani. Ikianza kawaida, ingia BIOS kwa F1 uhakikishe haiombi nenosiri. Baada ya hapo iwekee akaunti ya umoja, si yako binafsi, na kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la diski) chapa ile namba ya kuifungulia yenye tarakimu 48, iingie kwenye faili la mhazini.

Haya yote yanachukua kama saa moja na nusu, kwa hiyo fikeni asubuhi. Na kwenye risiti asiandike "laptopu moja used". Aandike T480, i5-8350U, RAM na SSD, muda wa dhamana, na namba ya mfululizo aliyoisoma chini ya mashine huku wewe ukiifuatilia kwa kidole.